Anayepanga Njia ya Ishara Ndiye Mwenye Chombo

Tangu tarehe 7 Oktoba 2022, Serikali ya Marekani ilipotangaza masharti makali ya kuzuia chipu za kompyuta kubwa zisiuzwe China, habari za chipu zimekuwa habari za siasa. Mawaziri huzizungumza, mabalozi huzijadili, na wafanyabiashara huzihesabu kama walivyokuwa wakihesabu mapipa ya mafuta. Hata hivyo mazungumzo hayo yameelekea zaidi upande mmoja, nao ni upande wa chipu zinazokokotoa hesabu. Leo twapenda kuwaelekeza wasomaji wetu upande mwingine usiosemwa sana, ingawa umo katika orodha za udhibiti wa mataifa kwa muda mrefu zaidi. Tunakusudia vigeuzi vya kasi vya masafa ya redio, yaani vile vyombo vidogo vinavyopokea tarakimu na kuzitoa zikiwa mawimbi.

Hoja yetu ni moja. Nguvu ya kigeuzi cha namna hii haimo katika kipande cha silikoni peke yake. Imo katika njia ambayo ishara hupitishwa ndani yake, na njia hiyo hupangwa na mtu. Wenye viwanda wanalijua jambo hili, na watunga sheria za biashara ya kimataifa wamelijua kiasi cha kuliandika katika sheria zao. Tunaohofia kuwa hatujalijua bado ni sisi wanunuzi.

Yafaa kwanza tueleze chombo chenyewe ni kitu gani. Sauti ya mwananchi anayepiga simu kutoka kijijini husafiri ndani ya mitambo kama tarakimu. Lakini hewa haipokei tarakimu. Hewa hupokea mawimbi. Kwa hiyo kila mnara wa simu, kila rada na kila kituo cha satelaiti sharti kiwe na mahali ambapo hesabu hugeuzwa kuwa umeme unaotikisika. Zamani kazi hiyo iligawanywa. Kigeuzi kilitoa wimbi la masafa ya chini, kisha vichanganyaji, koili na vichujio vya umeme vililipandisha hatua kwa hatua hadi masafa ya redio. Fundi aliyeshika bisibisi na kipimo aliweza kuzikagua hatua hizo moja moja kwa macho yake.

Siku hizi sehemu kubwa ya ubao huo imehamia ndani ya chipu moja. Kigeuzi cha kisasa huchukua tarakimu na kutoa wimbi la redio moja kwa moja, bila ngazi zile za kati. Vichujio vimekuwa hesabu, na vichanganyaji vimekuwa hesabu. Bisibisi nayo imegeuka kuwa rejista, yaani vijumba vya kumbukumbu ndani ya chipu ambamo mhandisi huandika nambari, na kila nambari hufungua njia moja au kuifunga nyingine. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Katika chombo hiki daftari ndiyo mali yenyewe.

Mtu aliyepita chuoni akafundishwa kusoma herufi za Kiarabu ataelewa upesi. Herufi ni zilezile. Ukibadilisha irabu juu yake au chini yake, neno hugeuka likawa jingine. Ndivyo ilivyo kwa chipu hii, na ili tusiseme kwa mafumbo tutoe mfano wenye hesabu. Mathalan chukua kigeuzi cha jamii ya AD9164 kilichotengenezwa na kampuni ya Analog Devices ya Marekani. Hiki ni kigeuzi cha biti 16, nacho huendeshwa kwa saa ya umeme inayofikia gigahezi 6.

Hatua ya kwanza ya njia ni mlango wa kuingilia. Tarakimu huja kwa mikondo isiyozidi 8, na kila mkondo huweza kubeba hadi gigabiti 12.5 kwa sekunde, kwa kufuata kanuni iitwayo JESD204B iliyotolewa mwaka 2011. Tuseme twataka kuingiza jozi za sampuli milioni 1,500 kwa sekunde, kila jozi ikiwa na biti 32. Hizo ni gigabiti 48. Kanuni hiyo huongeza biti 2 za ulinzi kwa kila biti 8 za habari, kwa hiyo mzigo halisi ni gigabiti 60. Ukiugawa kwa mikondo 8, kila mmoja hubeba 7.5 na kazi huendelea. Mhandisi akitaka kubana nafasi ya ubao akaugawa kwa mikondo 4, kila mmoja utatakiwa kubeba 15, na hapo mlango haufunguki. Chipu haikuharibika, na ubao haukuungua. Ni mgawanyo tu uliopangwa bila kupiga hesabu.

Hatua ya pili ni kujaza kati, jambo ambalo wahandisi huliita interpolesheni. Kigeuzi chetu kinatoa thamani milioni 6,000 kwa sekunde, ilhali tumekiletea milioni 1,500 tu. Basi kati ya kila thamani mbili huingizwa nyingine tatu, na kichujio cha tarakimu huzilainisha zote zifuate mkondo mmoja. Faida yake ni kwamba mikondo ya kuingilia haielemewi. Gharama yake ni upana wa masafa: kichujio kikiruhusu asilimia 80 ya kasi ya tarakimu, upana unaobaki kwa kazi ni megahezi 1,200. Anayejaza mara 12 badala ya mara 4 huhitaji mikondo 2 tu, lakini upana wake hushuka hadi megahezi 400. Kila chaguo lina thamani yake na lina bei yake, na mwenye kuchagua ni yule aliyeandika nambari katika rejista.

Hatua ya tatu ni kuipandisha ishara hadi masafa yanayotakiwa. Ndani ya chipu imo osileta ya tarakimu ambayo nambari yake ya kupangia ina biti 48. Kwa saa ya gigahezi 6, hatua moja ya nambari hiyo ni ndogo kuliko sehemu moja ya elfu kumi ya hezi. Mhandisi huandika nambari inayolingana na megahezi 1,800, na ishara yote huhamia huko bila koili wala bisibisi.

Hatua ya nne ndiyo inayotupendeza zaidi kwa mfano wetu. Kigeuzi chochote kinachoshikilia thamani moja hadi nyingine ifike hutoa wimbi linalotakiwa pamoja na vivuli vyake. Kwa saa ya megahezi 6,000, wimbi la 1,800 lina kivuli penye 4,200. Katika mpango wa kawaida wimbi lenyewe hutoka likiwa na kiasi cha asilimia 86 ya kimo chake, na kivuli kikiwa na asilimia 37. Lakini upo mpango mwingine ambao kila thamani hugeuzwa kichwa chini katikati ya muda wake. Ukiuchagua huo, 1,800 hushuka hadi asilimia 44, na 4,200 hupanda hadi asilimia 72. Kilichokuwa kivuli kimekuwa bwana! Tarakimu zilizoingia ni zilezile, chipu ni ileile, umeme ni uleule. Iliyobadilika ni nambari katika rejista, na mtambo umehama kutoka eneo moja la masafa hadi jingine.

Msomaji aweza kuuliza: haya yana uhusiano gani na mambo ya dunia? Yanao uhusiano mkubwa. Masafa ya redio ni mali ya taifa, kama ardhi na maji. Mtambo uliopangwa vibaya hutoa kivuli katika eneo alilopewa jirani kwa leseni, pengine chombo cha usalama wa ndege au kituo cha uokoaji baharini. Kubaya zaidi, makosa mengine hayapigi kelele. Mikondo ikishikana nje ya utaratibu, au alama ya kusawazisha wakati ikifika mapema au kuchelewa, vigeuzi viwili vilivyotakiwa kwenda bega kwa bega hupishana. Antena zinazoelekeza mwali wa redio kwa kutegemea upatanifu huo huuelekeza mahali pasipokusudiwa. Na thamani ikiruka ghafla kwa sababu njia imefunguliwa kabla haijatulia, kipaza nguvu kilicho mbele yake chaweza kuharibika. Kwa hiyo wajuzi hufuata mpangilio: umeme kwanza, kisha saa, kisha mikondo, kisha usawazishaji, na mlango wa kutolea hufunguliwa mwisho kabisa.

Sasa tuingie katika sheria. Baada ya kamati ya zamani ya nchi za Magharibi iliyozuia bidhaa kwenda nchi za Mashariki kuvunjwa mwaka 1994, ulianzishwa mwaka 1996 mpango uitwao Wassenaar. Mpango huo una nchi wanachama 42, na katika Afrika yote mwanachama ni mmoja tu, nayo ni Afrika Kusini. Wanachama hukubaliana orodha ya bidhaa zenye matumizi ya kiraia na ya kijeshi, kisha kila nchi huiingiza orodha hiyo katika sheria zake za mauzo ya nje. Vigeuzi vya kasi vimo katika orodha hiyo.

Waliotunga kifungu chake hawakuridhika kuandika kasi ya chipu tu. Waliandika kasi iliyorekebishwa. Maana yake ni hii: kwa kigeuzi kinachojaza kati, chukua kasi ya kutolea kisha uigawe kwa kiasi kidogo kabisa cha kujaza ambacho chipu inaruhusu. Na ikiwa chipu inaruhusu hatua hiyo irukwe kabisa, basi huhesabiwa kana kwamba haina hatua hiyo, na kasi yake yote huhesabiwa. Mpaka wa vigeuzi vya biti 10 hadi kabla ya 12 umewekwa penye sampuli milioni 3,500 kwa sekunde. Kwa vile vya biti 12 na kuendelea, udhibiti huanzia milioni 1,250 vikiwa na sifa fulani za usafi wa ishara au wepesi wa kutulia. Vikipita milioni 3,500 hudhibitiwa bila kuuliza sifa hizo.

Tazameni sasa ndugu watatu wa jamii moja. AD9162 ni wa biti 16 na huruhusu hatua ya kujaza irukwe. AD9161 ni wa biti 11, na kiasi chake kidogo cha kujaza ni mara 2. AD9163 ni wa biti 16, na kiasi chake kidogo ni mara 6. Wote hutangazwa kwa kasi ileile ya sampuli bilioni 12, kwa kuwa hatua ya mwisho huweza kutoa thamani katika kingo zote mbili za saa ya gigahezi 6. Lakini ukipiga hesabu kwa saa hiyo ya gigahezi 6, yule wa biti 11 anasimama penye milioni 3,000, chini ya mpaka wake wa 3,500; yule wa kujaza mara 6 anasimama penye milioni 1,000, chini ya mpaka wake wa 1,250; na yule anayeruhusu kuruka hatua amepita mipaka yote. Kwa hiyo kinachompa kila mmoja nafasi yake mbele ya sheria ni idadi ya biti na njia za ndani zilizoachwa wazi au kufungwa. Afisa wa forodha anayesoma tangazo la nje ataona kasi moja. Afisa anayesoma njia ya ndani ataona bidhaa tatu tofauti.

Hatuyasemi haya kwa nia ya kuwashutumu waliotunga sheria hiyo. Kigeuzi kinachopeleka simu ni jamaa wa karibu wa kile kinachoendesha rada au kuvuruga mawasiliano ya ndege. Nchi yoyote inayotengeneza vitu vya namna hiyo hujiuliza vitafika mikononi mwa nani. Lakini ni haki yetu pia kuona upande wa pili wa mizani. Watengenezaji wa vigeuzi vya juu kabisa ni wachache, na idadi yao imezidi kupungua. Texas Instruments iliinunua National Semiconductor mwaka 2011. Analog Devices iliinunua Linear Technology mwaka 2017 na Maxim mwaka 2021. Xilinx, iliyoweka vigeuzi vya redio ndani ya chipu zake kubwa zinazopangika, ilinunuliwa na AMD mwaka 2022. Zote hizo ni kampuni za Marekani. Soko la namna hii likitikiswa na siasa, mnunuzi mdogo ndiye wa kwanza kuyumba.

Wako watakaosema: nchi zetu haziundi rada wala hazitengenezi chipu, basi mzigo huu ni wa wakubwa na wagombane wenyewe. Tunaona kuwa fikra hiyo ni hatari. Mitambo inayotumia vigeuzi vya aina hii tayari imo katika minara inayohudumia wananchi wetu. Wengi bado wanakumbuka mwisho wa mwaka 2012, Dar es Salaam ilipoanza kuzima televisheni ya analogi, kwa kufuata makubaliano ya kimataifa ya Geneva ya mwaka 2006 yaliyoweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa ukomo. Mjadala mitaani ulikuwa bei ya king'amuzi, na ilikuwa haki kuujadili kwa sababu bei humgusa kila mwenye nyumba. Lakini swali la nani ataupanga mtambo upande wa kurushia, na kwa nambari zipi, halikusikika sana. Tangu hapo simu za kizazi cha nne na cha tano zimeingia, na swali hilo limezidi uzito.

Aghalabu mtambo huletwa ukiwa umekwisha kupangwa kiwandani. Ukiharibika, ubao mzima hung'olewa na kuwekwa mwingine. Mafundi wetu ni hodari wa kupanda mnara, kuvuta nyaya na kupima umeme, lakini nambari zilizoandikwa katika rejista ni siri wasiyoonyeshwa. Hali hiyo ikiendelea, tutakuwa na vyombo vingi na mamlaka machache. Mtegemea cha ndugu hufa maskini, na aliyeuziwa mtambo asioweza kuupanga bado anategemea cha ndugu hata kama amekwisha kulipa bei yote.

Hapa ndipo penye jambo ambalo twaomba wasomaji walitie moyoni. Sheria tuliyoieleza huzuia bidhaa. Haikuifunga elimu ya msingi ya kuipanga. Vitabu vya maelezo ya vigeuzi hivi vimechapishwa na watengenezaji wenyewe, vikiwa na orodha ya rejista moja moja, michoro ya njia za ishara na utaratibu wa kuviwasha. Programu za kuviendesha, kwa baadhi yao, zimewekwa wazi kila mtu azisome. Hesabu za vivuli na za kujaza kati zinafundishwa katika somo la kawaida la uhandisi. Kijana aliye na kompyuta ya kawaida anaweza leo kuziiga hatua zote nne tulizozieleza, akaona kivuli kinavyopanda na kushuka, bila kuomba kibali cha serikali yoyote. Anayekosa elimu hii leo hawezi kusema kwamba amenyimwa na Washington.

Kwa sababu hiyo tunatoa mwito wa mambo matatu. Kwanza, taasisi za umma zinaponunua mitambo ya mawasiliano, mkataba utaje kwa maandishi mafunzo ya kupanga njia za ishara, pamoja na nakala ya mipango iliyowekwa kiwandani. Mafunzo ya kubonyeza vitufe vya skrini pekee hayatoshi. Pili, vyuo vyetu vya ufundi na vyuo vikuu viwe na maabara ambamo mwanafunzi hugusa kigeuzi halisi, hata kama ni cha kasi ndogo. Sheria ya vivuli ni ileile kwa kigeuzi cha biti 8 kilichoundwa kwa vipinzani vya dukani na kwa kile cha biti 16 kinachoombewa kibali. Tatu, mamlaka za mawasiliano na maofisa wa forodha wawe na wataalamu wanaoweza kusoma njia ya ndani ya chombo, wasiishie kusoma kasi iliyoandikwa juu ya sanduku. Bila hao, tutanunua upana wa megahezi mia kadhaa tukidhani tumenunua elfu kadhaa, au tutaagiza bidhaa yenye masharti bila kuyajua hadi imezuiliwa bandarini kwa watu.

Tunajua kuwa mambo haya matatu yanahitaji fedha, na fedha zina wagombea wengi: dawa, madawati, barabara. Hatusemi wananchi waache kuchimba visima ili wanunue vigeuzi. Tunasema kwamba fedha za mitambo tayari zinatumika kila mwaka, na sehemu ndogo yake ikielekezwa katika elimu ya kuipanga itaokoa sehemu kubwa inayopotea katika kubadilisha mbao nzima kwa kosa la nambari moja. Huo ni ubahili wa busara.

Wakubwa wataendelea kuvutana juu ya nani auziwe nini, na orodha zao zitabadilika kama zilivyobadilika mara nyingi. Sisi hatuna sauti kubwa katika mvutano huo. Lakini katika chumba cha mitambo, mbele ya rejista zilizo wazi, sauti tunayo, mradi tumsomeshe kijana atakayejua nambari ipi iandikwe na kwa sababu gani. Kazi ya kumsomesha haingoji makubaliano ya mataifa. Ianze katika vyuo vyetu muhula huu, na wanaosimamia mikataba waanze kwa kuufungua ule ulio mezani sasa na kuuliza: mafunzo ya kupanga njia za ishara yameandikwa ukurasa gani?